Diski Iliyoacha Waya Wake

Naapa kwa mkate na chumvi niliyokula katika nyumba hii ninayoisimulia: kila neno la sura hii limetokea kama nilivyoliandika. Atakayenikamata na uongo, hata mmoja, nitamnunulia sanduku zima la sanioura, vile vibiskuti vya samli vinavyowaleta watu wa Beirut hapa Saida huku wakijifanya wamekuja kuona ngome. Haya, twende na Munif.

Alhamisi alasiri, mvua ikinyesha, mpelelezi Munif Qutb aliegesha gari chini ya jengo la Umm Nizar. Alikuja bila sare na bila faili. Mjane huyo alikuwa amemwambia kwenye simu, "Njoo kama rafiki wa marehemu. Nikitaka askari, njia ya kituoni naijua." Umeme wa serikali ulikuwa umekatika dakika hiyo hiyo, jenereta la mtaa likakohoa nyuma ya msikiti, likashika. Munif akaingia kwenye lifti, akabonyeza orofa ya tano, akapanda huku akirekebisha kola mbele ya kioo.

Humo ndani alikuwa akiwaza mto wa kochi. Tangu Jumanne mkewe alikuwa hajamwacha apumue, kwa sababu mto wake wa mahameli ulilowa chapachapa, na aliyeacha dirisha wazi mvua ikinyesha alikuwa yeye Munif. Alikuwa akila dengu. Kwa nini aliinuka na kufungua dirisha, kijiko kikiwa mkononi, hakuweza kumweleza mkewe wala kujieleza mwenyewe.

Umm Nizar alimfungulia mlango akiwa na kikombe cha kahawa chungu, ile ya matanga isiyotiwa sukari.

"Kaka Munif, sauti ya mume wangu imeibwa," alisema. "Kesho Ijumaa ni arobaini yake. Wageni wataketi hapa, na nimewaahidi watamsikia Adib akiimba. Sauti isiporudi kabla ya hapo, pete ya Lamis inarudi kwao."

"Kwao nani?"

"Kwao huyu."

Huyu alikuwa Basil, mchumba wa binti yake Lamis, kijana mwembamba mwenye duka la kompyuta sokoni. Alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupigwa picha asiyoitaka. Kwenye kochi alikaa Nizar, mwana mkubwa wa nyumba, mfamasia, akimtazama shemeji yake huyo mtarajiwa kama dawa iliyopitwa na tarehe. Karibu na mlango wa roshani, katika kiti chake cha siku zote, alikaa Bibi Wadad, mama mzazi wa marehemu, blanketi magotini, akimenya chungwa.

"Nianzieni mwanzo," Munif alisema.

Mwanzo ulikuwa hivi. Marehemu Adib aliimba harusini ujana wake wote, na nyimbo zake zilikuwa kwenye kaseti. Kaseti zikaanza kuota ukungu. Basil akazisikiliza moja moja, akazitia zote kwenye kompyuta ya nyumbani, na kaseti zikatupwa. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe, diski yake ndogo na imejaa, ikikoroma kila ikiguswa. Ikabidi inunuliwe diski nyingine. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

"Mimi nilisema ya ndani," alisema Nizar. "Unafungua boksi la kompyuta, unaifunga kwa skrubu, basi. Haianguki, haimwagikiwi kahawa, inafanya kazi haraka, na hakuna mtu anayetoka nayo mfukoni. Nilisema, ami Munif. Waulize."

"Na wewe?" Munif alimgeukia Basil.

"Mimi nilisema ya nje. Ami, hii nyumba inaruka kutoka umeme wa serikali kwenda jenereta, kutoka jenereta kwenda serikali, mara ngapi kwa siku? Kila ukiruka, kilichomo ndani ya boksi kinapigwa kofi. Diski ya nje unaichomeka ukiwa na kazi nayo, ukimaliza unaichomoa, unaiweka kabatini. Na kompyuta ikifa, diski haizikwi nayo."

"Tena unaichomoa, unakwenda kuiuza," alisema Nizar.

"Niuze sauti ya baba mkwe? Kwa nani, Nizar? Kuna foleni?"

"Nyamazeni," alisema Umm Nizar. "Mnavyobishana hivi ndivyo mlivyobishana mbele ya marehemu akiwa kitandani."

"Nani aliamua mwishowe?" Munif aliuliza.

"Bibi. Alisema ya nje, mjadala ukaisha."

"Alitoa sababu?"

"Mwanamke wa miaka themanini na ushei, utamwuliza sababu za kompyuta?" alisema Nizar.

Bibi Wadad aliweka ganda la chungwa juu ya hita ya gesi ili chumba kinukie. Munif akasogea mezani.

Alipenda kutazama vitu kabla ya kuwatazama watu, kwa kuwa vitu havitoi jasho. Boksi la kompyuta lilikuwa chini ya meza. Nyuma yake ulitoka waya mweusi, ukapanda juu ya meza, ukaishia hewani. Waya wa pili, mnene zaidi, ulitoka kwenye plagi ukutani, ukapita kwenye kibweta chake cha umeme, nao ukaishia hewani. Katikati ya ncha hizo mbili palikuwa na mstatili usio na vumbi, mkubwa kama kitabu cha dua.

"Hii diski ilikuwa ile kubwa, inayohitaji umeme wake wenyewe?"

"Ndiyo, ami. Bila kibweta hiki haiwaki."

"Na nakala nyingine ipo?"

Basil alitazama chini. "Kompyuta ilikuwa imejaa. Sikunakili, nilihamisha. Nilimaliza Jumanne mchana, nikasema kesho yake nitaleta diski ya pili niweke nakala. Jumatano asubuhi nikaja nayo, nikakuta waya."

"Washa."

Kompyuta ikakoroma, ikawaka. Basil akaonyesha ujumbe uliokuwa ukimsubiri ile Jumatano: diski imeondolewa ikiwa bado inatumika, tahadhari, huenda imeharibika.

"Inanung'unika nini?"

"Kwamba iling'olewa bila kuagwa. Mtu wa kazi hii huiaga kwanza, kisha anachomoa. Akiing'oa tu, anaweza kuivuruga."

"Wewe ungeing'oa?"

"Ami, mimi hata ya mteja asiyelipa siing'oi."

Munif alitikisa kichwa. Mwizi wa kuuza angebeba kibweta na nyaya, maana bila hivyo anauza tofali. Basil angebeba vyote na angeaga kwanza. Aliyechukua, basi, alichukua kwa haraka, na hakujua diski inakula nini. Kwa Basil hesabu hiyo ilikuwa nzuri, lakini haikumleta mwingine yeyote.

"Nizar, huo mfuko wako miguuni una nini?"

Nizar aliuvuta mfuko nyuma ya visigino. "Dawa za wateja."

"Zinaonekana za mraba."

Umm Nizar akaunyakua mfuko kabla mwanawe hajafikiria jibu. Ndani mlikuwa na boksi jipya, halijafunguliwa. Juu yake picha ya diski, ile ya kufungwa ndani ya kompyuta. Risiti ilikuwa ya Jumatatu.

Chumba kikapoa. Basil alikunja mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Munif aingie, alionekana anafaidi.

"Jumatatu," alisema Munif. "Siku moja kabla diski ya nje haijapotea, tayari una mrithi wake. Nieleze."

"Nilitaka kuwaonyesha."

"Kwa kuificha ile?"

"Kwa kuiacha ife yenyewe. Nilijua ingeanguka siku yoyote. Ikianguka, ningetoa hii, nikamwambia huyu mbele ya Lamis, tazama. Wallahi sikuigusa. Na ningeiiba, ami, ningekuwa mpumbavu kiasi gani kukaa hapa leo na boksi miguuni?"

"Umenunua duka gani?" Basil aliuliza.

"La mpinzani wako."

"Najua. Amekuuzia ya mwaka juzi."

"Basil," alisema Munif. "Shukuru kimya."

Nizar alikuwa mshindani mbaya na mwongo mbaya zaidi, na mtu wa namna hiyo angekuwa na diski asingeweza kuificha mpaka Alhamisi. Munif akamwondoa kichwani. Akageukia dirisha lililokuwa juu ya meza, akashika pazia. Lilikuwa kavu, lakini pindo lake lilikuwa na alama ya maji iliyopanda kama kiganja na kuacha ukingo wa kahawia.

"Nani alifungua dirisha hili mvua ikinyesha?"

"Nani afungue dirisha na baridi hii?" alisema Umm Nizar.

"Mtu alifungua. Pazia lililowa."

Nizar aliruka. "Basi aliingilia hapo."

"Orofa ya tano?"

"Labda kwenye bomba."

"Na akashuka kwa bomba na diski mdomoni, kama paka na samaki." Munif alikuwa tayari anatembea. Aliingia jikoni: pazia dogo lilikuwa na alama ile ile. Chumba cha Lamis, alama. Hata msalani, karatasi iliyokuwa kwenye ukingo wa dirisha ilikuwa imelowa, ikakauka, ikawa ngumu kama mkate wa juzi. Mwizi hufungua dirisha moja, na huyu alikuwa amefungua nyumba nzima.

Alirudi sebuleni, akaketi, akaomba kahawa nyingine.

"Jumanne jioni, mlikuwa wapi?"

"Mimi jikoni," alisema Umm Nizar. "Lamis chumbani kwake. Nizar anaoga."

"Mimi dukani," alisema Basil. "Niliondoka mapema kabla umeme haujakatika, ili nisishuke ngazi na betri mpya ya mteja. Lifti ya hapa inafuata umeme wa serikali."

"Lifti," alisema Umm Nizar, kana kwamba amekumbushwa jino. "Tangu wenye nyumba walipogombana nani ailipie jenereta, inalala mpaka serikali iamke. Ampea zetu tano za jenereta, ukiwasha pasi na mashine ya kufulia pamoja, giza, halafu ushuke mpaka chini kuurudisha umeme. Mtu mnene kama..." Alimtazama Munif, akaacha.

"Jumanne jioni," Munif alirudia. "Kulitokea nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Adhana ya magharibi, nikakaanga vitunguu, tukala. Hakuna."

Munif alinyanyua kikombe, na kikombe kikabaki njiani. Jumanne. Magharibi. Dengu, kijiko, dirisha. Mto wa mahameli.

Alikiweka kikombe mezani taratibu.

"Umm Nizar. Jumanne, wakati wa magharibi, ndege za kivita zilipita?"

"Zilipita. Si zinapita kila wiki?"

"Zilipasua anga?"

"Vishindo viwili. Cha kwanza kiliangusha sufuria."

"Mbona hukusema?"

"Uliuliza kama kuna jambo lililotokea."

Hapa kwetu kishindo hakina habari. Lakini mikono inakumbuka yenyewe: kishindo cha kwanza, unafungua madirisha yote, ili cha pili kikija, hewa ipite na vioo visikatike juu ya watoto. Umm Nizar alifungua la jikoni na kitunguu mkononi, Nizar alifungua la msalani na sabuni machoni, na kila mmoja akalifunga baadaye bila kujua kama alilifungua. Munif mwenyewe, mpelelezi, siku mbili alikuwa akigombezwa kwa kosa hilo hilo, na bado hakulikumbuka.

"Na baada ya madirisha," Munif aliuliza, "mkono unakwenda wapi?"

Macho yote yalikwenda mlangoni. Pale nyuma ya mlango, kwenye ndoano, ulining'inia mkoba wa Umm Nizar, ule wa kuondoka nao hatari ikija.

Aliukimbilia mwenyewe. Akamwaga vyote juu ya zulia: pasipoti, hati ya nyumba, bangili, dawa za presha, soksi za joto, tochi. Akautikisa. Akaugeuza nje ndani. Kisha akaketi chini katikati ya vitu vyake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikosa askari ndani yake.

"Hamna, kaka Munif. Kesho nitawaambia watu nini? Kwamba Adib nimempoteza mara mbili?"

Munif alikuwa akitazama kiti cha karibu na roshani. Chini yake, ukiwa umefunikwa na upindo wa blanketi, ulionekana mkoba wa pili, wa kitambaa cheusi, wa zamani.

"Ule wa nani?"

"Ule hauguswi," alisema Nizar haraka. "Wa Bibi. Sanda yake imo, alirudi nayo kutoka Makka. Humu ndani hakuna anayeufungua. Ni nuksi."

"Mlimwuliza?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu diski, Nizar."

Nizar alimtazama mama yake, mama akamtazama Basil. Siku mbili walikuwa wamemhoji mlinzi wa jengo, muuza mboga, na mtu wa kusoma mita.

Munif alivuta kigoda, akaketi chini kuliko Bibi Wadad, kama inavyopasa.

"Mama mzazi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa Qutb muuza viatu. Umenenepa."

"Nimenenepa. Bibi, Jumanne ndege zilipopasua, ulifanya nini?"

"Nilifanya kama kawaida. Nilifungua dirisha. Nikamtia mwanangu mkobani. Nikavaa viatu, nikawasubiri. Hawakuja. Huyu anakaanga, huyu anaoga. Siku moja tutakufa kwa ajili ya vitunguu."

"Ulimtia nani mkobani?"

Bibi Wadad alimtazama kama mtu mzito wa kuelewa. Akainama, akavuta mkoba wa kitambaa, akaufungua mwenyewe. Akakunjua sanda nyeupe pindo moja, pindo la pili. Katikati, pamoja na chupa ndogo ya maji ya zamzam, ilikuwa diski.

"Huyu hapa," alisema. "Kijana huyu alinishikisha mkononi. Akaniambia, Bibi, sauti yote ya Adib imo humu. Basi nimwache mezani?"

Basil alikaa kwenye mkono wa kochi bila kukaribishwa.

"Bibi," alisema Umm Nizar polepole, "siku mbili tunamwita huyu mtoto mwizi. Mbona umenyamaza?"

"Nani aliniuliza? Mnanipita kama kabati. Nasikia kelele, mwizi, mwizi, nikadhani ni mambo ya bangili." Akaigeuza diski mkononi. "Ndiyo maana nilisema ya nje. Ile ya huyu ya skrubu, ndege zikija, nitabeba kompyuta kichwani?"

Nizar alitazama madirisha. Akasema, "Lakini umeacha waya, Bibi."

"Mwanangu hakuwa na waya."

Munif alisimama, akampa Basil diski kwa mikono miwili. Lililobaki lilikuwa la fundi, na hakuna aliyepumua vizuri: diski iliyong'olewa ikiwa inatumika inaweza kuwaka, na inaweza kuwa tofali. Basil alichomeka kibweta, kisha waya. Taa ndogo ikawa nyekundu. Ikakaa nyekundu muda ambao kahawa ingechemka. Ikawa kijani.

Kutoka kwenye spika ilianza sauti ya mtu akikohoa, halafu mwanamume akasema, kwa mbali, "Zimeni hilo feni, naimbaje na feni?" Kisha akaimba.

Umm Nizar aliweka mkono mdomoni. Kutoka chumbani Lamis alitoka, kitambaa cha nywele kimefungwa nusu, akasimama mlangoni.

"Siku hiyo alikuwa na mafua," alisema Bibi Wadad. "Nilimwambia asiende."

Wimbo ulipoisha, Nizar aliliokota boksi lake jipya, akalisukuma kwa mguu mpaka kwa Basil.

"Hii ya mwaka juzi inafungika humo?"

"Inafungika."

"Basi ifunge ndani. Nakili kila kitu. Ile ya nje rudisha kwa Bibi."

"Na kibweta chake," alisema Basil, akianza kuzungusha waya. "Mkobani mna nafasi?"

Bibi Wadad alisogeza sanda kidogo. "Mwanangu mwembamba, kitaenea."

Umm Nizar alikwenda jikoni bila kusema neno kuhusu pete. Aliporudi, alimpa Basil kahawa kabla ya Nizar, na hiyo ilikuwa ndiyo radhi yote aliyoipata, na ilimtosha.

Sura hii niliisoma kwa sauti pale kahawani kwa Haji Fawwaz, watu wakisikiliza, hata wacheza bao la tavli wakaacha kete zao. Nilipomaliza, Haji Fawwaz aliendelea kufuta glasi.

"Munif alipandaje mpaka orofa ya tano?" aliuliza.

"Kwa lifti. Nimesema."

"Ukasema umeme wa serikali ulikuwa umekatika."

"Ndiyo."

"Na Umm Nizar, ndani ya sura hiyo hiyo, akasema lifti haiendi kwa jenereta."

Nilitafuta ukurasa. Kona ya nyuma, mtu mnene aliyekuwa amenipa mgongo muda wote aligeuza kiti. Munif Qutb.

"Nilipanda kwa miguu," alisema. "Orofa ya tatu niliketi kwenye ngazi, jirani akaniletea maji. Hayo umeyaacha."

"Nilikuwa nakustahi, Munif."

"Nistahi kwa sanioura."

Nimenunua. Sanduku kubwa, kutoka kwa yule mzee wa soko la ndani, na Munif akabeba nusu nyumbani, akasema ni ya mkewe, kwa ajili ya mto.